Lipu ya Wageni

Elisifa Mtui alikuwa na miaka arobaini na moja chuo kilipompa nyongeza ya mwisho ya muda wa kumaliza shahada yake ya uzamili. Barua ilikuwa na aya mbili. Ya kwanza ilimpongeza kwa juhudi. Ya pili ilisema kwamba tasnifu isipowasilishwa kufikia mwisho wa Novemba, jina lake litafutwa na miaka minne ya masomo itakuwa kama haikuwahi kuwepo. Alinisomea aya ya pili mara mbili, tukiwa tumesimama kwenye korido ya nyumba tunayopanga sote mtaa wa Majengo, halafu akaikunja na kuitia ndani ya Biblia ya marehemu baba yake. Alisema huko itakaa na watu waliozoea kuvumilia.

Alikuwa anasomea uhifadhi wa majengo ya kale. Wengi wakisikia hivyo walimuuliza kama atapata kazi ya kutembeza watalii. Fundi cherehani wa chumba cha mbele, alipoelezwa kwamba ni elimu ya kutunza nyumba za zamani zisipoteze uzamani wao, alifikiri kidogo akasema, "Kwa hiyo unasomea kutopaka rangi." Elisifa alicheka siku ile. Baadaye hakucheka tena.

Kazi iliyomlisha ilikuwa ya kuchora. Kwa miaka kumi na mitano, katika ofisi ndogo ya ramani mjini Moshi, alichora nyumba za watu wa mlimani wanaoishi mbali: paa la migongo mingi, baraza ya nguzo nne, vyumba vitano vinavyolaliwa wiki mbili kwa mwaka, mwezi wa Desemba. Kila nyumba ya namna hiyo ilisimama mahali palipokuwa na nyumba nyingine, na hakuwahi kuuliza ile nyingine ilikuwaje. Siku moja mteja alimtumia picha ya kiwanja ili aone mteremko. Ndani ya picha kulikuwa na nyumba ya mawe ya babu wa mteja, mlango uko wazi, kuku kizingitini, na juu yake mteja alikuwa ameandika kwa wino mwekundu: HII INATOKA. Elisifa alimchorea nyumba yake. Mwaka uliofuata akaomba nafasi ya kusoma.

Jengo alilolichagua kwa tasnifu liko kwao Kisaroni, ng'ambo ya korongo kutoka Kilema, ukipanda kuelekea msitu. Ni shule ya zamani iliyo kwenye uwanja wa kanisa dogo la Kilutheri: chumba kimoja kirefu cha mawe meusi ya mlima, kilichojengwa mwaka wa pili baada ya Vita Kuu ya Pili. Hakuna aliyekuwa na habari nacho. Walitunza humo viti vibovu na masufuria ya sherehe za kipaimara.

Mwaka wa kwanza wa kupima, asubuhi moja baada ya mvua, jua likiwa bado chini, Elisifa aliona mkwaruzo kwenye jiwe: duara lenye msalaba ndani. Alipojongea akaona kwenye jiwe la pili mistari mitatu, na kwenye la tatu kitu kama mundu. Alidhani ni michezo ya watoto. Shangazi yake Veronika, aliyekuwa amepita miaka themanini, ndiye aliyemweleza. Mawe yale yalibebwa na wanawake kutoka mtoni, kila nyumba kwa zamu yake, na ili mzee msimamizi ajue nani ameleta na nani amekwepa, kila mwanamke alilikwaruza jiwe lake kwa alama ya ukoo wa mumewe, ileile waliyoikata masikioni mwa mbuzi. Kwa hiyo ukuta ule ulikuwa orodha ya mahudhurio ya wanawake wasiojua kuandika, na shule yenyewe hakuna hata mmoja wao aliyesoma humo. Elisifa aliniambia kwamba siku ile alikaa chini kwenye majani mabichi mpaka sketi ikalowa, asijue kama anafurahi au analia.

Alimpigia simu msimamizi wake wa chuo, Dakta Athanas. Dakta akamwambia jambo moja tu: asilitangaze mpaka atakapowasilisha, maana mwingine atakuja na kamera aliandike kabla yake. Elisifa akatii. Tangu siku hiyo, mtu wa Kisaroni akimkuta ameinama na tepu yake na kumuuliza anafanya nini, alijibu, "Napima tu." Alisema hivyo kwa miaka mitatu.

Alimaliza kuta tatu, jiwe kwa jiwe, kwa picha na kwa penseli. Ukuta wa nne, wa kaskazini, haukuonekana, kwa sababu kuni za jiko la kanisa zilikuwa zimepangwa juu yake hadi chini ya madirisha. Aliomba zihamishwe. Aliomba kwa mdomo, akaomba kwa barua, akamwomba mwinjilisti, akawaomba kinamama. Kila mmoja alikubali kwa moyo mweupe, na kuni zikaendelea kukaa. Kwa miezi minane alikuwa na tasnifu yenye miguu mitatu.

Septemba, chuo kilipopanga kwamba Dakta Athanas na mtahini wa nje watakuja kuliona jengo Alhamisi ya tarehe mbili Oktoba, Elisifa aliandika barua kwa kamati ya ujenzi ya kanisa. Aliandika vizuri, kwa heshima, kwamba wageni wawili wa chuo kikuu watafika kuangalia shule ya zamani, na kwamba anaomba kwa mara nyingine kuni ziondolewe. Barua ilisomwa katika matangazo ya Jumapili. Yeye hakuwepo, alikuwa Majengo anachapa sura ya tatu.

Jumamosi, siku tano kabla ya wageni, shangazi Veronika alimpigia asubuhi. "Kuni zimeondolewa," alisema. Elisifa alibeba brashi, kamera na daftari akapanda Kisaroni. Njia nzima, alivyonisimulia, alikuwa anapanga ataanza na safu ipi.

Kuni zilikuwa zimeondolewa kweli. Shule yote ilikuwa ya kijivu. Kuta tatu zilikuwa zimepigwa lipu ya saruji na kukauka, nyororo kama za duka la bati, na mbele ya ukuta wa kaskazini fundi Thadeus kutoka Kilema alikuwa juu ya jukwaa la mbao, akiinyoosha lipu mbichi. Kinamama watatu walibeba maji. Chini, amevaa koti na kofia ya pama, alisimama Mzee Ebenezeri, mwenyekiti wa kamati ya ujenzi, mkaguzi wa kahawa mstaafu, mtu wa miaka sabini na minane aliyewahi kukaa shule moja na baba yake Elisifa.

"Karibu, msomi," alisema. "Umekuja kukagua kabla ya wageni wako?"

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Kuni tumeondoa, kama ulivyoomba. Halafu tukasema, haiwezekani maprofesa watoke Dar es Salaam waje kuangalia ukuta unaotoka udongo kwenye viungo. Tukaandika kwenye kundi la WhatsApp la watoto wetu walioko mbali. Saruji imekuja ndani ya siku mbili. Jumatatu hii tunapaka rangi. Nimesema rangi ya maziwa, wao wanataka ya machungwa. Wewe una elimu ya mambo haya, tuamulie."

Hakuna nyumba ya mlimani inayopokea wageni bila kuguswa. Mtu akitarajia posa, au mtoto anayerudi kutoka mbali, ukuta hupakwa, kizingiti hukarabatiwa, hata kama hela ya shule itasubiri. Elisifa alilelewa humohumo. Aliandika neno "wageni" katika barua yake na hakufikiri mara ya pili, na hilo ndilo hajawahi kujisamehe.

Lakini wakati ule hakufikiri hata mara ya kwanza. Alisimama, akautazama ukuta wa kaskazini ukimezwa mbele ya macho yake, akasema kwa Kichagga, ambacho huwa hakitumii akiwa na hasira, "Ng'ombe ana akili kuliko kamati hii."

Mama mmoja aliweka ndoo chini. Alikuwa mke wa Mzee Ebenezeri. Mzee alivua kofia, akaangalia ndani yake kama aliyeacha kitu humo, akaivaa tena.

"Akishatoka," alisema, bila kuongea na mtu yeyote hasa, "fungeni geti. Na asirudi hapa mpaka waje hao wageni wake, na wao wakija watapitia kwangu."

Thadeus alimfuata bombani, nje ya geti, akisingizia kuosha mwiko. Alikuwa mtu mpole, na upole wake siku hiyo ulimkera Elisifa kuliko ukali wa mzee.

"Dada, usinichukie. Mimi nikiambiwa piga lipu, napiga."

"Hukuziona alama?"

"Niliziona. Nilidhani ni watoto."

"Inatoka?"

Aliufuta mwiko kwenye suruali. "Zile kuta tatu zimekaa karibu wiki, sahau. Hii ya leo, leo hii inatoka kwa mwiko. Kesho kwa patasi. Kuanzia Jumatano, ukiitoa inatoka na ngozi ya jiwe. Na hapo ni kama haitamwagiliwa. Lipu isiponywa maji inabaki dhaifu. Ikinywa asubuhi na jioni inakuwa chuma."

"Nani anaimwagilia?"

"Kinamama. Wamepangiana zamu. Niliwafundisha mimi mwenyewe, na wamefundishika vizuri mno."

"Waambie waache."

"Mimi Mkatoliki wa Kilema, niwaambie kinamama wa Kilutheri waache zamu yao? Dada, nina watoto."

Elisifa alimpigia simu Dakta Athanas. Alikuwa kwenye kikao. Alimpigia tena, bado kikao. Mwishoni ujumbe uliingia: Andika ulichonacho, tutaona. Alichokuwa nacho Elisifa ni kuta tatu ambazo hazipo tena na ukuta wa nne ambao hakuwahi kuuona. Mtahini angekuja Alhamisi kukagua jengo linalofanana na stoo ya pembejeo, na mwanafunzi asingekuwa na jiwe hata moja la kumwonyesha, ila picha na michoro yake. Angesema asante, na Novemba ingepita.

Jioni hiyo shangazi Veronika alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Mpelekee isale."

Isale ni mmea wa majani marefu tunaoupanda mipakani na makaburini. Jani lake likifungwa fundo na kupelekwa kwa mtu uliyemkosea, hawezi kukataa kukusamehe, hata kama angetaka. Elisifa alikasirika upya.

"Wameniharibia miaka minne, halafu niwaombe msamaha mimi?"

"Wao wameharibu ukuta. Wewe umemwita mume wa mtu ng'ombe, na mke wake alikuwa hapo ameshika ndoo. Ukuta haukusikia kitu."

"Shangazi, sina siku ya kupoteza."

"Ndiyo nakuambia. Njia nyingine ni ndefu zaidi."

Kulikuwa na tatizo dogo la kuudhi. Mpakani kwao hakukuwa na isale tena. Masale ya mpaka yalikuwa yameng'olewa miaka sita iliyopita, kaka yake alipojenga uzio wa tofali, na uzio huo aliuchora Elisifa. Masale ya mpaka ya karibu zaidi yalikuwa kwenye mpaka wa Mzee Ebenezeri mwenyewe.

"Utamwombaje mtu msamaha kwa jani lake?" shangazi aliuliza. "Nenda kwa baba yako."

Jumapili baada ya ibada Elisifa alikwenda nyuma ya migomba, kwenye kaburi la baba yake, akachuma jani moja kwenye masale manne yaliyopandwa pembeni siku ya mazishi. Mimi nilikuwa nimepanda Kisaroni siku hiyo kumfariji, na nilimwona kwa mbali amesimama pale kwa muda mrefu kuliko unaohitajika kuchuma jani.

Shangazi ndiye aliyelifunga fundo na kulibeba, mimi na Elisifa tukimfuata. Mzee Ebenezeri alikuwa barazani kwake anakula kiburu, ndizi zilizopondwa na maharage. Alipoona kilicho mkononi mwa Veronika aliisogeza sahani pembeni.

"Veronika, ungenipa muda nimalize hasira."

"Hasira yako ina umri gani?"

"Tangu jana saa nane mchana."

"Imekua. Iachishe ziwa."

Mke wake alicheka ndani, akajizuia. Mzee alinyoosha mikono miwili akalipokea jani, akaligeuza, akaliweka juu ya goti.

"Ng'ombe ameondoka," alisema. "Kaeni." Walipokaa akaongeza, "Lakini jani hili limeombea ng'ombe. Saruji haimo."

"Baba, nisikilize."

"Wewe nisikilize. Miaka mitatu unapita hapa na tepu yako. Nakuuliza, mwanangu, unafanya nini? Napima tu. Mwaka mwingine, nakuuliza tena. Napima tu. Wewe ndiye wote wanayekutumia kuwachorea majumba. Unafikiri sisi tulidhani nini? Tulidhani unatuchorea shule mpya na unaona aibu kutuambia hii mbovu. Tukasema basi, tuikarabati, tusimtie aibu mtoto wetu mbele ya walimu wake."

Elisifa alifungua daftari. Alimwonyesha mzee ukuta wa mashariki, safu baada ya safu, kila jiwe na mkwaruzo wake, na akamweleza yote aliyoyaficha. Mzee alivaa miwani. Alipitia kurasa taratibu, akitaja majina ya koo kwa sauti ya chini kama mtu anayesalimia watu mlangoni mwa kanisa. Hawa wa kule chini. Hawa walihama. Hawa, mwisho wao alikuwa yule mwanamke kiziwi. Alipofika ukurasa wa mwisho wa ukuta wa tatu alirudi nyuma, akaanza tena.

"Yetu ni mistari miwili na nukta," alisema. "Haimo."

"Bado ukuta wa kaskazini, baba."

"Mama yangu alibeba mawe hayo akiwa na mimba yangu. Alitusimulia mpaka tukachoka. Kwa hiyo hata mimi nilibeba." Alivua miwani. "Na ukuta huo nimesimama mbele yake jana kutwa nikiwaambia waongeze saruji."

"Tukianza leo, Thadeus anasema—"

"Leo Jumapili. Hakuna nyundo itakayolia kwenye uwanja wa kanisa siku ya Jumapili nikiwa mzee wa kanisa."

"Baba, kesho itakuwa imekaza."

"Najua saruji. Kesho alfajiri." Alisimama, akachukua fimbo, akateremka mpaka kanisani tukimfuata. Kinamama wa zamu ya jioni walikuwa tayari na ndoo zao.

"Mnafanya nini?"

"Tunamwagilia, mzee, kama tulivyofundishwa."

"Kumwagilia ni kazi. Leo ni siku gani?"

Waliangaliana. "Mbona asubuhi tulimwagilia, kabla ya ibada, na mwinjilisti akatusifu?"

Elisifa alifumba macho. Mzee Ebenezeri aliagiza ndoo zipinduliwe na zikaliwe kama viti, na mpaka giza linaingia alikuwa amekaa juu ya mojawapo, akiulinda ukuta usinywe maji.

Jumatatu alfajiri Thadeus alikuja na patasi tatu na nyundo ya mti. Elisifa alikuja na vifaa vyake vidogo, vile vinavyofanana na vya daktari wa meno. Mzee Ebenezeri alikuja na nyundo yake ya chuma. Elisifa aliwapangia: kila mmoja safu yake, patasi ilale, usipige kuelekea jiwe, kila kinachodondoka kiandikwe kimetoka wapi na mkononi mwa nani. Lipu ya juu, iliyopigwa mwisho, ilikubali. Ya chini ilikuwa imeshashika.

"Taratibu, baba," Elisifa alimwambia Mzee Ebenezeri.

"Taratibu ndiyo iliyotufikisha hapa."

"Baba, patasi ilale. Taratibu."

"Nimekusikia."

Walikwaruza siku tatu. Habari ikaenea, na kufikia Jumanne kinamama walewale wa ndoo walikuwa wanatafuta alama za bibi zao, mmoja akimsukuma mwenzake.

"Hiyo ni ya kwetu."

"Ya kwenu tangu lini ina nukta?"

"Kwani nukta mliinunua?"

Elisifa aliwaomba watoke kwenye vumbi, wakamjibu kwamba miaka mitatu alikuwa anapima tu, sasa na wao wanaangalia tu. Kufikia Jumatano jioni mawe thelathini na moja yalikuwa yanasomeka. Kumi na moja yalikuwa yametoka na ngozi, uso wote umebaki nyuma ya saruji. Mistari miwili na nukta haikuonekana popote.

Alhamisi wageni walikuta uwanja umejaa vifusi, chai haijachemshwa, na mwenyekiti wa kamati amepiga magoti na patasi mkononi, koti lake la ibada jeupe kwa vumbi. Mtahini wa nje alikuwa mama mwembamba mwenye viatu vya raba. Alilizunguka jengo mara mbili. Dakta Athanas alimfuata nyuma, akikohoa. Kisha mtahini akamuuliza Mzee Ebenezeri, "Nani aliruhusu lipu ipigwe?"

"Mimi."

"Na nani aliruhusu itolewe?"

"Mimi."

"Ndani ya wiki moja?"

"Mara ya kwanza hatukujua tunafunika nini. Huyu binti alikuwa anapima tu."

Mtahini alimgeukia Elisifa. Elisifa angeweza kumtazama Dakta Athanas wakati ule. Alitazama chini. "Sikuwaambia," alisema. "Miaka mitatu sikuwaambia."

Mtahini aliandika jambo. Kabla ya kupanda gari alimwambia kwamba ukuta wa kaskazini unatosha na michoro ya kuta tatu inatosha. Alichotaka ni sura moja zaidi: jinsi jengo lilivyonusurika kupotea mikononi mwa wenyewe, na mwanafunzi alikuwa na sehemu gani katika hilo. Bila sura hiyo asingesaini.

Elisifa aliiandika kwa wiki saba, akirudi kazini macho mekundu. Nilisikia kibodi ya kompyuta yake ikinyamaza kwa saa nzima, halafu ikilia kidogo, halafu ikinyamaza. Hakumtaja Dakta Athanas hata kwa herufi. Mimi ningemtaja. Aliwasilisha tarehe ishirini na nane Novemba, na mwaka uliofuata akavaa joho.

Nilidhani hapo angepumzika. Lakini kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi anapanda Kisaroni, na niliwahi kuambatana naye. Mzee Ebenezeri ameweka barazani meza yake ya zamani ya kuanikia kahawa, ile ya wavu, na juu yake ameanika vipande vyote vya saruji na ngozi za mawe vilivyodondoka ukutani, vingine vidogo kama ukucha. Anatafuta mistari miwili na nukta. Elimu aliyoisomea Elisifa inasema vipande vibaki kama vilivyo, viwekwe namba, viachwe. Amemwambia mzee hivyo mara nyingi. Mzee humjibu kwamba elimu ina haraka.

Siku hiyo niliyokuwepo alichukua kipande, akakiinua kwenye mwanga.

"Hiki si mstari?"

Elisifa alikitazama. "Ni mkwaruzo wa patasi, baba."

"Patasi ya nani?"

Nilijua kwamba daftari lilikuwa kwenye mkoba wake, na kwamba kati ya mawe kumi na moja yaliyopotea, saba yana jina moja pembeni. Alikigeuza kipande, akasoma namba nyuma yake. Nilifikiri atasema hawakuandika.

"Yako, baba," alisema.

Mzee alikirudisha kipande mezani, mahali pake hasa. Alitoa miwani akaifuta kwa pindo la shati, akachelewa kuivaa.

"Ungeniambia."

"Nilikuambia, baba. Nilikuambia taratibu."

"Uliniambia taratibu. Hukuniambia acha."

Nilimwona Elisifa akimeza jibu lake lote, na lilikuwa kubwa. Kisha akavuta kigoda karibu na meza, akachukua brashi yake ndogo, akaanza kusafisha kipande kilichofuata.